Siku Mama Mkubwa Alipovaa Gauni la Mtawa

Jackpine Narrows,
Kaskazini mwa Saskatchewan.
14 Oktoba, 2022.

Mpendwa kaka Ovide,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Maureen na watoto, na upepo wa huko Halifax usiwe umeanza kuwapenya mifupani. Kifua chako kinaendeleaje? Maureen aliniambia bado unachomelea vyuma vya meli bila kuvaa kinyago sawasawa. Sikukuzaa mimi, lakini nakuomba ukivae.

Sisi huku tunapumua. Ziwa halijaganda, bata bukini wanapita kundi kwa kundi kuelekea kusini, na shemeji yako Gabriel ameshaweka nyama ya kututosha mpaka theluji iyeyuke. Mjomba Elzear hajambo, ila jino lake la bandia la mbele lilidondoka ziwani akiwa anacheka, na tangu hapo anasema samaki wa huku wanatabasamu kuliko yeye.

Ningeweza kupiga simu. Nimeishika mara kadhaa nikaiweka chini. Haya si mambo ya kumwambia mtu aliye kazini huku nyundo zinagonga nyuma yake. Kwanza nikuambie: mama yako, Mama Mkubwa wangu, yu hai na mwili wake ni mzima. Usiruke mistari kutafuta msiba. Lakini limetokea jambo, nami sijui mtu mwingine wa kumwandikia zaidi yako, maana linakuhusu.

Umesikia labda kwamba watu wa filamu wako huku tangu majani yalipoanza kuwa manjano. Najua utakavyoguna. Nami niliguna. Wale waliokuja tukiwa wadogo tunawakumbuka sote: walimvika Mjomba Elzear manyoya ya watu wa nyikani, yeye mtu wa ziwa, wakampandisha farasi aliyemtupa chini, kisha wakaondoka tusiwaone tena. Filamu ilipokuja kwenye televisheni hata jina la kabila letu walikuwa wamelikosea.

Hawa walianza kwa namna nyingine. Mwongozaji wao ni mama mmoja aitwaye Karin Wieland. Alikuja peke yake mwaka juzi, akakaa na wazee, akanywa chai, akaenda zake bila kupiga picha hata moja. Akarudi tena hivyo hivyo. Alisema anataka kutengeneza filamu kuhusu watoto wetu waliochukuliwa kwa nguvu kupelekwa shule ya bweni ya watawa, na kwamba hataki kuitengeneza kama hatutaki. Maafikiano yake na Baraza la kijiji yalikuwa mepesi kuelewa: hakuna kitu cha ile shule kitakachopigwa picha bila wanafunzi wa zamani kuwapo, wao ndio watakaoamua nani aigize nini, na picha yoyote watakayoikataa inarudishwa kwao. Baraza likaniajiri mimi niwe katikati, niwasikilize hawa na niwaeleze wale. Binti yangu Sikwan, ambaye sasa ana miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini, akachaguliwa kuigiza mtoto mmoja wa shule.

Nakiri niliona fahari. Nilidhani maridhiano ndiyo haya: watu wanakuja, wanauliza kabla ya kugusa.

Ile shule ilishabomolewa, kwa hiyo walijenga chumba chake ndani ya kiwanda cha zamani cha samaki. Ukuta wa kijani, kigoda, ndoo, dirisha lililowekwa juu mtoto asifikie. Mama Mkubwa Celestine alipoletwa kukiona alipitisha kiganja ukutani, akasema, "Rangi ndiyo hii," akaenda kukaa na wenzake kwenye viti vilivyotengwa kwa wanafunzi wa zamani.

Onyesho lenyewe lilikuwa fupi. Mtoto anafika shuleni, mtawa anamkalisha kigodani, anamkata nywele, anatupa msuko kwenye ndoo, mlango unafungwa. Sikwan alisukwa misuko miwili: wa kulia wa bandia, ulioshikizwa vizuri usijulikane, na wa kushoto nywele zake mwenyewe. Mtawa akate wa kulia tu, basi.

Kulikuwa na mwigizaji wa kuwa mtawa, dada mmoja wa Winnipeg. Mtu mpole mno. Kila alipomshika Sikwan kichwani machozi yalimtoka. Walijaribu asubuhi nzima. Alikuwa anamshika mtoto kama anashika yai.

"Mama, mimi nimechoka," Sikwan akaniambia. "Huyu anakata halafu analia, utadhani nywele ni zake."

Ndipo Mama Mkubwa akasema kutoka kitini, sauti ya kawaida kabisa kama anaomba sukari, "Nipeni mimi hilo gauni."

Wazee wakacheka. Mjomba Elzear akamwambia, "Celestine, misa yenyewe huendi, leo unataka utawa?"

"Sitaki utawa. Nataka gauni."

Yeye hakucheka, basi na vicheko vikazimika kimoja kimoja. Karin alipiga magoti mbele yake akamuuliza kama ana hakika. Mshauri nasaha waliyemleta akamchukua pembeni wakazungumza muda mrefu. Aliporudi bado alikuwa anataka gauni. Mimi nikamwuliza, kwa kuwa ilikuwa kazi yangu na kwa kuwa ni mwanangu atakayekaa kigodani: kwa nini?

Akanijibu, "Mimi nilikaa pale chini. Maisha yangu yote nimekuwa najiuliza yule mwanamke aliona nini alipokuwa amesimama juu yangu. Nataka nisimame aliposimama yeye, nione alichokiona."

Ungemwambia nini, Ovide? Maafikiano yalisema wanafunzi wa zamani ndio waamuzi. Wenzake walitazamana, mmoja akaitikia kwa kichwa, na wengine wakafuata. Hata Sikwan alifurahi. "Bora Kokum," akasema, yaani Bibi, maana watoto wote hapa wanamwita hivyo. "Yeye hatalia."

Alipotoka kwenye chumba cha mavazi sikumtambua. Nguo nyeusi mpaka chini, kitambaa cheupe kimembana uso, mikono imefichwa ndani ya mikono ya gauni. Mjomba Elzear aliinuka akaenda nje. Baadaye walimkuta amekumbatia nguzo ya gati, ametapika, anasema hana kitu, ni chai tu.

Kamera zikaanza. Mama Mkubwa akaingia, na mwendo haukuwa wake. Unajua anavyoburuta ule mguu wa goti bovu. Haukuburutwa. Alisimama juu ya Sikwan akamwita kwa namba. Haikuwamo kwenye mchezo. Hakuna aliyekuwa ameandika namba. Akamshika sikio, akalivuta kichwa kiinamie upande, akakata msuko wa bandia kwa mikupuo miwili, akautupa kwenye ndoo. Ilikuwa hivyo hasa ilivyotakiwa.

Karin akasema, "Kata."

Wewe hujakaa na watu wa filamu. Wakisema kata maana yake ni acheni, tumemaliza. Mama Mkubwa akamshika Sikwan sikio la kushoto.

Niliona nikawa sioni. Niliona mkasi unafunguka na bado akili yangu ikasema ataushusha. Hakuushusha. Alikata msuko wa mwanangu, nywele zake za kweli ambazo hazijawahi kuguswa na chuma tangu azaliwe, akazikata karibu na shingo, bila haraka, kama mtu anayekata uzi baada ya kushona. Sikwan akapiga kelele ambayo haikuwa ya kuigiza, na kila mtu mle ndani aliijua tofauti.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nimemkumbatia mtoto sakafuni, na juu yetu Mama Mkubwa ameshika msuko. Uso wake haukuwa na hasira. Haukuwa na kitu. Nilihisi nimeshawahi kuuona uso ule mahali, siyo kwenye filamu yoyote, na sikuweza kukumbuka ni wapi.

Baadaye watu walimtafutia udhuru. Walisema maskini mzee, alisikia neno kata akadhani anaamriwa akate. Alipoambiwa hivyo akatikisa kichwa. "Nilielewa. Mkono ulikuwa unataka kumaliza."

Alipovuliwa lile gauni, mguu ukaanza tena kuburuta. Alisema neno moja tu: anataka kuiona picha. Karin alikuwa analia, akamwambia si leo, mama, nakuomba. Mama Mkubwa akamjibu, "Mlisema tutaona kila kitu." Wakamwekea kwenye kile kioo chao kidogo cha kutazamia picha. Wengine walitaka kuondoka. Akasema atakayeondoka aondoke. Mimi nilibaki, Sikwan kifuani pangu, kwa sababu nilikuwa na hasira nikataka nimwone anavyojiona.

Alitazama mpaka mwisho. Akaomba tena. Mara ya pili akaweka kidole juu ya kioo, juu ya ule uso uliobanwa na kitambaa cheupe.

"Huyu si Sista," akasema. "Huyu ni mimi jikoni. Na huyo kwenye kigoda ni Ovide."

Kaka, hapo ndipo nilipokumbuka nilikouona ule uso. Nilikuwa mdogo, nimesimama mlangoni kwenu, na wewe kwenye kile kiti cha miguu mitatu, sikio limevutwa mpaka limekuwa jekundu, nywele zinaanguka sakafuni. Kila mwanzo wa masika. Nilidhani mama wote hunyoa hivyo. Mama yangu alikuwa ananiita nitoke nje nikacheze, na mimi nilikuwa natoka.

Mjomba Elzear, aliyekuwa amerudi, akamwambia taratibu, "Inatosha, dada."

"Haitoshi. Nilitaka kuona alichokiona. Sikuona mtoto. Niliona kazi." Akaendelea bila kumtazama yeyote. "Na kwa Ovide vilevile. Gari la serikali lilikuwa linapita kuchukua watoto wa watu. Nikajiambia wakimkuta kichwa safi, hana chawa, ananyamaza, watampita. Nilikuwa namwandaa ili wasimchukue. Wakampita kweli. Halafu akaondoka mwenyewe."

Sijui kama uliwahi kuijua sababu hiyo. Mimi sikuijua. Mama yangu naye amekufa bila kuisema, kama aliijua. Nakuandikia kama alivyoitamka, sijaongeza chumvi.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana mshtuko haukuishia hapo. Mtayarishaji wao, bwana mmoja anayeitwa Desmond Pryce, alishuka na ndege ndogo siku ya pili yake. Tukakutana ukumbini, kijiji karibu chote. Nilitarajia atatuomba radhi kwa ajili ya mwanangu. Akaomba, na nadhani aliomba kwa moyo. Halafu akasema ameiona ile picha.

Mjomba Elzear akamwuliza, "Umeiona wapi, na wewe ulikuwa Toronto?"

Kumbe kila jioni mitambo yao hutuma nakala kusini, yenyewe tu, bila mtu kubonyeza. Karin alisimama akasema alisahau kuizuia, na kwamba hilo ni kosa lake yeye. Ovide, zilipanda sauti mle ndani ambazo sijazisikia tangu siku serikali ilipotaka kutufungia ziwa. Gabriel, mtu asiyeinua sauti hata kwa mbwa, alimwambia yule bwana kwamba mtoto wetu amelia Jackpine na wao wamemsikiliza Toronto wakinywa kahawa.

Desmond alingoja. Akasema anatuelewa, lakini tufikirie. Watu wangeiona ile picha wangejua mambo ambayo hotuba mia haziwezi kuwaambia. Ingewasaidia watu wetu, alisema. Nisikufiche: kuna walioitikia kwa kichwa. Ni picha ya kutisha na ni kweli tupu.

Mjomba Elzear akamwambia, "Mara ya kwanza mlichukua nywele. Sasa mnataka picha ya nywele."

Karin akaulizwa yeye anasemaje. Alijibu akiwa amesimama peke yake katikati. "Ninaitaka. Sitawadanganya. Sijawahi kupiga picha kama ile na sitapiga tena. Lakini si yangu."

Mama Mkubwa alimwita Sikwan kwanza, mbele ya watu wote, akamwuliza anataka nini kuhusu ile picha. Sikwan akasema hataki watu wasiomjua wamwone akilia. Basi. Mama Mkubwa akageuka kwa Desmond: "Umesikia. Nakala itakuwa moja, na nitakaa nayo mimi. Ni ya mtu mmoja tu kuiona, na huyo hayuko hapa."

Yule bwana alitoka akaenda kusimama kwenye gati. Nilimwona dirishani, koti la mjini linapigwa na upepo. Nikadhani anapiga simu kwa wanasheria. Aliporudi aliweka simu yake mezani sauti ikiwa wazi, akampigia mtu wake Toronto, na sote tukasikia akimwamuru afute nakala, na ile ya akiba pia, na yule mtu akimuuliza mara mbili kama amechanganyikiwa.

"Tutajuaje mmefuta?" Mjomba akauliza.

Karin ndiye aliyejibu. "Hamtajua. Itabidi mtuamini, na hatujawapa sababu."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikwenda kunywa chai. Lakini asubuhi yake kazi iliendelea, kwa uamuzi wa wazee wenyewe, na lile onyesho sasa litakuwa mlango uliofungwa na korido tupu. Karin alimletea Mama Mkubwa kisanduku kidogo cheusi chenye picha ile ndani, akakiweka mkononi mwake mbele ya Baraza.

Utaniuliza kuhusu Sikwan. Nilimsawazisha nywele zilizobaki, zinaishia kidevuni. Ule msuko tuliuchoma pamoja na majani ya kufukiza, yeye mwenyewe akiushika mpaka dakika ya mwisho. Usiku analala vizuri kuliko mimi.

Mama yako alikuja kwetu kesho yake akasimama kwenye ngazi, hakubisha. Tulikuwa tunakanda unga. Sikwan ndiye aliyemwona.

"Ulinivuta sikio," akamwambia kupitia wavu wa mlango.

"Nilikuvuta."

"Linauma bado."

"Najua. Langu pia."

"Usinivute tena."

"Sitakuvuta tena."

Mtoto akafungua mlango kwa mguu, mikono ikiwa na unga. Nilimwekea chai mezani na sikukaa naye. Nakuambia wewe kwa kuwa nadhani utanielewa kuliko mtu mwingine yeyote: bado sijaweza. Namwona anavyojikongoja njiani nampenda, naiona mikono yake moyo unajifunga. Wakati mwingine ni ndani ya dakika moja.

Ameniomba nikuandikie haya. Nilimwambia aandike mwenyewe, akasema maneno yake yatamkingia kifua, yangu hayatamkingia. Ujumbe wake ni huu, nimeuandika akiwa amekaa mbele yangu: "Mwambie ile picha ni yake. Akitaka aje aione, akitaka nitaituma, akitaka niitupe ziwani nitaitupa. Asije kwa kunionea huruma. Na asinisamehe kwanza. Aone kwanza, halafu aseme analotaka kusema, hata kama ni kwaheri."

Mimi sikushauri lolote. Chumba kipo, na ndege ndogo inatua mpaka ziwa lianze kuganda. Usipokuja, hakuna mtu huku atakayekuhesabia kosa, nitahakikisha.

Mjomba Elzear anakusalimu sana, anasema akikuona atakucheka na pengo lake. Gabriel anakusalimu, na Sikwan pia, ambaye hajawahi kukuona ila anauliza kama kweli unafanya kazi ndani ya tumbo la meli. Tufikishie salamu kwa wifi Maureen na kwa wanao wote, wabusu vichwani kwa niaba yetu. Muumba akutangulie kila uendapo, na mababu wakuzibie upepo.

Nilikuwa nataka kutia sahihi hapa, lakini mama yako bado hajaondoka. Amesimama dirishani na koti lake, sasa ameniuliza kama ninajua siku hizi unaweka nywele ndefu au fupi. Nimemwambia sijui. Amesema nikuulize.

Ni mimi dada yako, nikupendaye jana na leo,

Yvette Merasty